Droo ya Nzi Wasionyolewa

Juu ya mlango wangu nimebandika kibao nilichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HAPA HAKUNA NJOO KESHO. Mimi ni fundi cherehani, na mafundi wenzangu wananinunia kwa sababu ya kibao hicho, wanasema nawaharibia kazi. Na waninunie. Nikikwambia gauni lako Ijumaa, basi ni Ijumaa, hata kama nina homa, hata kama mvua inapiga mabati hadi sisikii cherehani yangu mwenyewe. Nalisema hili mapema ili ujue unaongea na mtu wa aina gani, maana hadithi yenyewe si yangu. Ni ya jirani yangu, yule ambaye watoto wa nyumba yetu wanamwita Babu Nzi.

Tunakaa nyumba ya kupanga: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, bomba moja uani na foleni yake. Ukuta kati ya chumba changu na cha Babu Nzi ni mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule anasema pole. Kwa hiyo mambo ya watu wale niliyajua bila kuyatafuta. Mimi si mmbeya. Kitanda changu ndicho kiko karibu na ukuta.

Siku wanahamia, yeye na mkewe, nilisimama mlangoni kuangalia vyombo vyao, jambo ambalo kila mtu hulifanya na hakuna anayelikubali. Godoro, sawa. Sufuria, sawa. Meza ndogo yenye droo na viti viwili, sawa. Halafu ukapita mfuko uliofunguka mdomo, na ndani yake vipande vya ngozi ya mnyama, manyoya yake juu. Nyuma yake likaja kopo la ndoana, ndogo hasa, halafu jiliwa la chuma la kubania vitu, dogo la kukaa mezani. Nikajisemea, nimekwisha, nimepangishiwa ukuta mmoja na mganga. Wiki ile nzima salamu zangu zilikuwa za mbali, na nguo zangu nilizianika upande mwingine wa ua.

Mkewe ndiye aliyekuja kunitoa ushamba. Alibisha hodi, akaingia, akafungua kiganja. Katikati ya kiganja alikaa mdudu mdogo wa rangi ya majani makavu, mnene wa tumbo, mabawa yamesimama.

"Shoga, acha kutuogopa," akasema. "Sisi tunatengeneza nzi."

"Nzi?" nikamwuliza. "Hawa waliopo hawatoshi?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia siku hiyo tukawa mashoga wa kweli, wa kuazimana chumvi na kusutana.

Yeye ndiye aliyenieleza. Kuna samaki wa mito ya baridi, ya huko milimani, anaitwa trauti. Wanaomvua kwa starehe hawatumii minyoo. Wanamrushia nzi wa bandia anayeelea juu ya maji, samaki anadhani ni mdudu aliyeanguka kutoka majanini, anapanda kumla. Na kwa kuelea hakuna kama manyoya ya kulungu, kwa sababu kila unywele una uwazi ndani na unabeba hewa. Warsha moja ya mjini ilikuwa inawapa ndoana, uzi na ngozi, wao wanarudisha nzi kwenye boksi. Kutoka hapo nzi wanasafirishwa kwenda nchi ambazo hata nikionyeshwa kwenye ramani nitaitikia tu ndiyo, ndiyo.

Kazi yao ilikuwa ya mikono minne. Mume alikaa upande wa dirisha. Anabana ndoana kwenye jiliwa, anakata fungu la manyoya lenye unene wa njiti ya kiberiti, anayachana kwa mswaki mkuukuu kutoa sufi ya chini, anayatia kwenye kikopo cha shaba na kukigonga mezani, ko ko ko, ili ncha zikae sawa. Halafu anayalaza juu ya ndoana, anazungusha uzi kwa ulegevu, na anavuta. Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Ukivuta huku umeachia vidole, manyoya yanafumuka na kuizunguka ndoana yote, kama sketi ya mtu anayecheza. Ukiyashikilia, yanabaki yamelala. Anaongeza fungu, na fungu jingine, mpaka ndoana inapotelea ndani ya kichaka. Fundo la mwisho analidondoshea rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, lisifunguke. Mwenye duka anakoinunua akimwona tu anaingia anamwuliza, "Mzee, leo kucha za mikono au za miguu?" Naye anajibu bila kutabasamu, "Za nzi."

Kichaka kile anakipitisha ng'ambo ya meza, kwa mkewe. Mkewe alikuwa mnyozi. Alishika nusu ya wembe, akaikunja kidogo kwa vidole, akanyoa tumbo kwanza, bapa, kisha mgongo, kisha mbavu, akabakiza vijifungu viwili vya kuwa mabawa, na kichaka kikageuka mdudu mbele ya macho yako. Ni kazi ya kushikilia pumzi. Ukizidisha kidogo wembe unakata uzi wa ndani, na nzi mzima anasambaratika, unabaki na ndoana tupu na manyoya kwenye mapaja. Akimaliza kunyoa anampitisha juu ya mvuke wa birika ili manyoya yasimame, anamdondosha kwenye beseni la maji, anampulizia.

"Anaelea," anasema.

"Anaelea?" mume anauliza.

"Si nimeshasema anaelea!"

Ndivyo walivyofanya kwa kila nzi, kila jioni. Nilikuwa nasinzia na neno hilo masikioni.

Siku moja nilimwuliza mzee trauti yukoje, ana magamba, ana masharubu, au vipi. Akaniambia hajui. Hajawahi kumwona hata kwenye sahani. Nikadhani ananitania, kumbe kweli. Alikuwa ameanza kufunga nzi akiwa kijana asiye na ndevu, akawa mvi tupu, na hakuna nzi hata mmoja aliyewahi kumwona akifanya kazi yake. Aliwahi kumwuliza msimamizi wa warsha, hivi wale wanaonunua wanasemaje? Msimamizi hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Hakuna malalamiko," akasema. Basi. Hilo ndilo jibu pekee alilowahi kupata kutoka kwa walimwengu. Aliyemwambia neno zuri juu ya kazi yake alikuwa mtu mmoja tu, yule mwenye beseni.

Halafu shoga yangu akaugua.

Ugonjwa ulimwanzia mikononi, na mkono unaotetemeka hauna biashara na wembe. Mume akaivuta meza mpaka kando ya kitanda, akaendelea kufunga, kwa kuwa warsha ilikwisha leta ndoana na yeye hakuweza kukaa bure akimwangalia. Kila nzi aliyemfunga alimwonyesha mkewe kwanza, kisha akamtia kwenye droo ya meza bila kunyolewa. "Niachie," mkewe alikuwa anasema. "Nikipata nafuu nitawanyoa wote." Droo ikajaa mpaka ikawa inafungwa kwa kusukumwa na goti. Nafuu haikuja.

Tulimzika. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka, wana yao. Warsha ilituma pole, na baadaye kidogo ikatuma mtu kuchukua ngozi na ndoana zilizobaki, kwa sababu wao walikuwa wameajiri mikono minne na sasa ilikuwa miwili. Nilitaka kumtukana yule mtu lakini alikuwa ametumwa tu, masikini, hata macho hakuweza kuyainua.

Baada ya hapo kikaingia kimya. Nitasema ukweli wangu, maana sina wa kumficha. Mimi niliachika zamani, na binti yangu ameolewa mbali, ananipigia Jumapili akikumbuka. Watu wakiniuliza nilikuwa nasema napenda kukaa peke yangu, sina wa kuniuliza nimepika nini. Uongo mtupu. Sikuwahi kukaa peke yangu. Nilikuwa nakaa na ile ko ko ko ya ukutani na yale mabishano ya kuelea. Yalipokoma nilikisikia chumba changu kwa mara ya kwanza, na sikukipenda.

Mzee naye alikuwa anakwisha. Asubuhi tunakutana bombani, habari, salama, anabeba ndoo yake nusu, anarudi kujifungia. Jioni namsikia anaivuta droo. Kimya. Anairudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote, kufungua droo na kuifunga. Na kijana wake, aliyekuwa anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima, alikuwa anapiga simu kila mara. Mzee haisikii simu vizuri, anaiweka sauti ya juu, kwa hiyo nyumba nzima ilijua: mtoto anataka kuja kumchukua akaishi naye.

Ilinipanda hofu ya kitoto. Nikajiambia naogopa chumba kile kisije kikapangishwa kwa mtu wa muziki wa usiku kucha. Hapana, muziki ningeuvumilia. Niliogopa kubaki.

Kwa hiyo nikapiga akili. Mtu mwenye kazi hang'olewi. Nzi wa droo wakinyolewa, warsha wakawaona, wataleta ndoana tena, mzee atakuwa na la kufanya, na kijana wake ataacha kupiga simu. Mambo yote kwisha. Niliyapanga vizuri kweli, hata nikajisifu. Nikachukua wembe mpya, nikauvunja katikati, nikaenda kubisha.

Alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, upande wa dirisha, meza amekwisha irudisha pale, mikono magotini, ng'ambo ya meza kiti kitupu. Kile kiti hakikukaliwa hata siku za msiba. Watu walisimama, wengine wakakaa chini, kiti kikaachwa. Mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mzee, fungua droo."

"Ya nini?"

"Nimekuja kunyoa."

"Wewe ni fundi wa nguo."

"Na wembe ni wembe. Nimefumua mishono tangu usichana wangu. Fungua, usinipotezee muda."

Akaiangalia droo, akaniangalia mimi, akairudia droo. Wakati ule nilidhani ni uchungu wa marehemu, nikamwachia nafasi. Mwishowe akaivuta, akachagua nzi mmoja.

"Hapo kitandani hakuna mwanga," akasema. "Kaa kitini."

Nikakaa kitini. Nzi wa kwanza nilimkata uzi palepale, manyoya yakaruka mpaka mdomoni. Wa pili nikajikata mimi. Nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa. Mzee akachukua wa tatu, akachukua wembe mkononi mwangu, na kabla sijamaliza kunyonya kidole alikuwa amekwisha mnyoa, duara safi, tumbo bapa, mabawa hayakuguswa. Nikabaki mdomo wazi.

"Kumbe unajua!"

"Unadhani nani alimfundisha?"

"Sasa kwa nini hukuwanyoa mwenyewe, mzee mzima, unakaa unafungua droo na kufunga?"

Aliufuta wembe kwenye suruali, akauweka mbele yangu. "Anza na tumbo," akasema. "Nzi ananyolewa tumbo kwanza."

Ikawa ndiyo jioni yetu. Nafunga cherehani, nanawa uso, nakwenda ukuta wa pili kunyoa. Watu wakaanza kusema, na watu wa nyumba ile wakianza kusema hawana breki. Mama mmoja wa chumba cha mwisho akaniuliza bombani, eti siku hizi nashona nini huko kwa mzee. Nikamwambia namshonea yeye mdomo. Hakuuliza tena.

Mzee alikuwa mwalimu mbaya, hasemi kitu mpaka umeharibu. Lakini alipozoea alianza kuongea, kidogokidogo, macho yake kwenye vidole vyangu. Akaniambia zamani, yeye akiwa bado anafungia nzi kulekule warshani, mkewe alikuwa anafagia pale, na kila siku alikuwa anafagia manyoya ya watu wote isipokuwa ya kwake yeye, anamruka kwa makusudi. Alipomwuliza kwa nini, akajibiwa, "Ili uniulize." Nikacheka. Akaniambia alimfundisha kunyoa kwa sababu hakujua njia nyingine ya kumfanya akae karibu. Akaniambia walipanga siku moja wapande milimani wauone huo mto, wamrushe nzi mmoja wajionee wenyewe. Kila mwaka ni mwakani. Mwisho wakaacha hata kusema mwakani.

Tatizo langu lilikuwa beseni. Nikimaliza kunyoa na kumpitisha nzi kwenye mvuke, namdondosha majini, namtazama, nanyamaza.

"Anaelea?" mzee anauliza.

"Si macho unayo?"

"Sema."

"Mzee, kinachoelea kinaelea, nikisema nisiposema."

"Sema, fundi."

"Haya. Anaelea. Umefurahi?"

Anaitikia kwa kichwa, anamtia kwenye boksi. Siku za kwanza nilimwona ana kero. Baadaye nikawa nalisema bila kuulizwa, tena kwa sauti. Hata kwangu, nikimaliza kola iliyonisumbua, nilijikuta nasema peke yangu, anaelea.

Na nilikazana. Nilikuwa na haraka na ile droo kuliko mwenye droo. Nikizidisha mwendo mzee ananituliza, taratibu fundi, utakata uzi, nami namjibu wateja wangu hawangoji. Droo ikaanza kufungwa bila goti. Ikaanza kuonyesha mbao zake za chini. Kila jioni narudi kwangu moyo umetulia, nikijiambia, bado kidogo, bado kidogo tu, na mzee wangu haendi popote.

Kijana wake akaja kumsalimia baba yake. Ni mtu mzima, ana kitambi chake na adabu zake, na mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa nachana kitambaa alipobisha. Akaingia, akashika mikono yangu yote miwili, na macho yake yamelowa.

"Mama fundi, sijui nikushukuru vipi."

"Kwa lipi, mwanangu?"

"Nimeifungua droo. Wamebaki wa kuhesabika! Mimi nilikwisha kata tamaa. Mama alipokuwa anaondoka alimwapisha mzee, akamwambia, wamalize hawa nzi wetu, halafu uende ukakae kwa mtoto, usibaki humu ndani peke yako. Mzee akaapa. Tangu hapo kila nikimpigia ananiambia, bado hawajaisha. Mwaka mzima, bado hawajaisha! Nikija naikuta droo imejaa vilevile. Nikajua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maana kunyoa anajua. Kumbe alikuwa anahitaji mtu wa kumsukuma. Mungu akubariki, mama. Chumba chake nimekipaka rangi tayari. Mwisho wa mwezi nakuja na gari."

Nikasema amina. Ulitaka niseme nini? Mtu anakushukuru kwa machozi. Alipotoka nikaushika ukingo wa meza ya cherehani.

Jioni ile sikubisha hodi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Nimechana vidole vyangu kukufungashia mizigo! Kila nzi niliyemnyoa nimekusogeza mlangoni! Na wewe umekaa hapo unaniambia anza na tumbo, anza na tumbo!"

"Usipige kelele, fundi. Ukuta mwembamba."

"Ukuta wa nani? Upande wa pili ni kwangu! Hakuna mtu!"

Nilisikia nilichokisema. Yeye pia alikisikia. Nikakaa kitini, na hasira yote ikaniisha, ikabaki kuuma tu.

Mzee alikuwa anageuza kile kikopo cha shaba mkononi, kimekaa bila kazi tangu ngozi zichukuliwe.

"Droo ile ilikuwa kinga yangu," akasema. "Ikiwa imejaa, siondoki. Hapa ndipo alipokuwa. Sauti yake iko kwenye hizi mbao. Nikailinda mwaka mzima, sikugusa hata nzi mmoja. Lakini nilikuwa nailinda peke yangu, fundi, na jioni ni ndefu. Ukaja wewe na wembe wako na mdomo wako. Nikajua nikikufukuza, nabaki na nzi wangu wote na hakuna wa kuniambia wanaelea. Nikikukaribisha, wanapungua. Nilikaa pale nikafikiri, ukadhani namlilia marehemu. Nilikuwa nachagua."

"Ukachagua vibaya."

"Sijui. Kila ulipokuja nilijua wananiondokea wawili, watatu. Lakini ulikuwa unakuja."

Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Siku ile nililia, tena kwa sauti, na mama wa chumba cha mwisho asikie ashibe.

"Usiende," nikamwambia. "Sitaki uende."

"Nami sitaki. Lakini nilimwapia, yuko pale kitandani, ameshika kidole changu hiki. Sikuwahi kumvunjia neno akiwa hai. Siwezi kuanza sasa hivi ambapo hawezi kunigombeza."

Hata mimi nisingemwambia mtu avunje neno lake, mimi na kibao changu kile.

Tukaanza kunyoa polepole. Hatukukubaliana, ilitokea tu. Nzi mmoja kwa jioni nzima. Mimi niliyezoea kumaliza sare za shule nzima kwa wiki moja, nikawa nanyoa unywele mmoja, naweka wembe chini, nakunywa chai, naangalia dirishani, nanyoa wa pili. Mzee hakunihimiza. Tukimaliza tunamweka kwenye beseni na kumwangalia akizunguka pale juu ya maji mpaka maji yenyewe yanatulia. Jioni nyingine hatukumgusa hata huyo mmoja. Tulikaa tu, yeye upande wake na mimi upande ule, hatuna la kusema na hatutaki kuondoka.

Mwisho wa mwezi hauna huruma, ukafika. Jioni ya mwisho begi la mzee lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba kwa sababu zipu ilikwisha kufa. Ndani ya droo alikuwa amebaki nzi mmoja. Mzee akamtoa, akaniwekea mbele yangu.

"Nyoa, fundi. Asubuhi anakuja."

Nilishika wembe. Nikamgeuza nzi, nikamwangalia tumbo, kichaka kizima, bado harufu ya rangi ya kucha inasikika ukimsogeza puani. Huyu labda ndiye aliyeonyeshwa shoga yangu mwisho wa wote. Nikaweka wembe chini.

"Mwanga wa hapa hautoshi," nikasema. "Nitamnyolea kwangu, kwenye taa ya cherehani."

"Fundi."

"Kazi ya mteja naifanyia kwangu, mzee. Usiku mwema."

Nikaondoka naye kiganjani. Nilimtia kwenye kidroo cha cherehani, pamoja na vifungo na bobini za uzi, nikakaa nikimwangalia. Upande wa pili nikasikia ko ko ko. Mzee hakuwa na unywele hata mmoja wa kulungu mle ndani. Alikuwa anagonga kikopo kitupu.

Asubuhi gari lilisimama nje mapema, limesafiri usiku kucha. Nilikuwa tayari nimekaa kwenye cherehani, kitambaa kimepita chini ya sindano, sijashona hata inchi. Nikamsikia kijana anaingia kwa baba yake, droo ikavutwa.

"Wameisha!" akasema kwa furaha.

"Bado mmoja," mzee akajibu. Yeye hasemi uongo.

"Yuko wapi?"

"Kwa fundi."

Wakatoka ukumbini. Kijana akasimama mlangoni kwangu, chini ya kibao kabisa, herufi nyekundu juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba, mwanangu. Za safari?"

"Njema. Mama, mzee anasema kuna nzi wake mmoja amebaki kwako. Ameshanyolewa?"

Nyuma yake mzee alikuwa amesimama na kofia mkononi, anatazama sakafu, hanisaidii wala hanizuii. Nilimwangalia. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, ningeimaliza kabla chai ya kijana haijapoa. Wembe ulikuwa palepale karibu na mkono wangu. Nikawafikiria watu wote waliowahi kusimama pale mlangoni na haraka zao, bibi harusi wa asubuhi ya harusi yake, mfiwa wa nguo nyeusi, na hakuna hata mmoja niliyemrudisha.

"Bado," nikasema.

"Atakuwa tayari lini?"

Nikakanyaga pedali, cherehani ikapiga kelele, ili sauti yangu isisikike inavyotetemeka.

"Njoo kesho."